Mtoto Akiuliza, Tusimfunge Mdomo

Ndugu wasomaji wa Butembo, Beni na vijiji vyote vya kati, huku Kongo ya mashariki, kuna tabia imeniudhi siku nyingi, na leo nitaisema hata kama baadhi yenu mtakunja uso. Ni tabia ya mtu mzima kumnyamazisha mtoto anayeuliza. Asubuhi mawingu yamefunguka, mtoto wa Beni anatazama upande wa milima ya Ruwenzori, anaona weupe kileleni, anauliza: "Baba, kile cheupe ni nini?" Baba anajibu: "Utajua ukikua." Kesho yake anamuuliza mwalimu, naye mwalimu anaandika ubaoni sentensi ndefu ya Kifaransa na kuamuru darasa zima liikariri. Mtoto anaikariri, anaijibu kwenye mtihani, anapata pointi zote kumi, na ule weupe bado hajaujua.

Wazee walitwambia kuuliza si ujinga. Walitwambia pia asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Methali hizi tunazisema arusini na mikutanoni, kisha tunafika nyumbani na kuzikanyaga. Bwana wetu mwenyewe, mwenye hekima yote, alifundisha kwa mbegu, chachu na kondoo aliyepotea, na wavuvi wasiosoma wakamwelewa. Sisi ni nani hata tujione wakubwa mno kusema maneno mepesi?

Na jibu la ule weupe wala si gumu. Mtoto aliyewahi kusafiri kutoka Butembo kwenda Beni analijua nusu yake tayari. Anatoka Butembo amevaa sweta, gari linashuka, na kabla ya kufika Beni ameshaivua. Kwa nini? Kwa sababu Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Beni iko chini, kama mita 1,100 hivi. Kila ukipanda mita 100, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu digrii. Sasa mpe hesabu. Kilele cha Margherita, kirefu kuliko vyote vya Ruwenzori, kiko mita 5,109, yaani mita 4,000 hivi juu ya Beni. Huko zinapotea digrii kama 24. Beni ikiwa na digrii 24 asubuhi, kule Margherita maji yanaganda, na ule weupe ndio barafu na theluji. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la tano anaiweza, na akishaifanya mwenyewe hataisahau mpaka kufa kwake.

Tena msidhani kwamba mtoto huyo anauliza mambo ya kipuuzi. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona theluji juu ya Kilimanjaro, akaandika habari zake Ulaya. Mabingwa wa jiografia wa London, akiwemo Desborough Cooley, walimkatalia katakata: haiwezekani theluji iwepo karibu na ikweta! Basi mtoto wetu, ambaye ikweta inakatiza barabara yake kati ya Butembo na Lubero, anauliza swali lililowashinda mabingwa wa London. Halafu wewe unamwambia anyamaze akachote maji.

Mnaodhani ninakuza jambo dogo, kumbukeni tarehe 1 Agosti 2018. Siku hiyo serikali ilitangaza Ebola kule Mangina, jirani kabisa na Beni. Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 wakiwa wameugua na 2,287 wamekufa. Magari meupe yalijaa barabarani, na ndani ya magari hayo yalikuja maneno. Mama aliambiwa yeye ni "kontakti", yaani mtu aliyemkaribia mgonjwa, akaandikwa kwenye karatasi, akapimwa joto kila siku, na mara nyingi hakuna aliyeketi naye akamweleza ugonjwa unaingiaje mwilini. Wageni naweza kuwasamehe, hawakujua lugha zetu. Lakini sisi wasomi wa hapa hapa, tuliozaliwa na kukulia kwenye vilima hivi, tulifanya nini? Tulirudia maneno yale yale ya Kifaransa kwa sauti kubwa zaidi. Debe tupu haliachi kuvuma.

Wakati ule nilihudhuria mkutano mmoja ukumbini. Msomi mmoja wa kwetu alizungumza muda mrefu, koti limefungwa vifungo vyote. Alipomaliza, bibi mmoja mzee alinyoosha mkono, akasema: "Mwanangu, kwa nini mnatukataza kuosha maiti wetu?" Akajibiwa kwamba hiyo ndiyo "protokole". Hakuna kingine. Bibi akaketi, akajifunika kitenge chake, na mkutano ukafungwa kwa sala.

Swali lile lilikuwa la heshima na la maana kuliko hotuba nzima. Jibu lake ni hili, na hata mtoto wa miaka sita angelishika. Kirusi cha Ebola hukaa katika maji ya mwili: damu, matapishi, jasho. Mgonjwa anapokufa, mwili wake ndio umejaa virusi kupita siku zote za ugonjwa wake. Anayemwosha kwa mikono mitupu huvichukua, akavipeleka kwa watoto wake. Ndiyo maana tuliomba marehemu azikwe na watu waliovaa mavazi ya kinga, familia ikisimama kando na kusali. Sentensi chache tu! Bibi yule angezipeleka mpaka kijijini kwake, na angesikilizwa kuliko redio.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa chanjo. Watu waligombana: mbona jirani kachanjwa na mimi nimeachwa, au kuna upendeleo? Mkulima yeyote wa Lubero angeielewa siri yake. Moto ukishika nyasi kilimani, hana maji ya kumwagia mlima mzima. Anafyeka ukanda kuuzunguka moto, ukifika hapo unakosa cha kula. Chanjo ilitolewa hivyo hivyo, kuwazunguka wagonjwa: kwanza wale waliomgusa mgonjwa, kisha wale waliowagusa hao. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa kwa njia hiyo. Wangapi kati yao walielezwa habari ya ukanda?

Mahali pasipo na maelezo, uvumi hujenga nyumba. Palisemwa Ebola ni biashara. Palisemwa imeletwa ili watu wa Beni na Butembo wasipige kura, na mwisho wa Desemba 2018 tume ya uchaguzi ikatangaza kwamba kweli hatutapiga kura pamoja na nchi nzima. Tukaja kupiga Machi 2019, rais akiwa ameshaapishwa. Uvumi ukapata miguu. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa. Tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko, mwana wa Kameruni aliyeacha kwao kuja kutuhudumia, akauawa kwa risasi hapa mjini Butembo. Sisemi kwamba maelezo mepesi yangezuia risasi. Wenye bunduki wana nia zao. Lakini jirani aliyeelewa hamfichi mgonjwa, wala halirushii mawe gari la wauguzi, na hayo mawe tuliyaona. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa niwasifu, maana mnastahili. Hakuna watu wa kazi kama watu wa Butembo. Mmejenga mji wenu kwa jasho lenu, mna chuo kikuu cha Graben tangu 1989, mnakwenda Dubai na Guangzhou kuleta bidhaa wakati barabara za nyumbani ni matope. Na nimewaona mkifundisha! Mfanyabiashara anamweka mtoto wa miaka tisa nyuma ya meza ya duka, anamweleza kwa subira bei ya kununua, bei ya kuuza, nauli, ushuru wa mpakani Kasindi, na faida inayobaki. Hatumii neno gumu hata moja. Mtoto akikosea, anaelezwa tena. Kumbe kipaji mnacho! Kwa nini subira hiyo inaishia dukani?

Ipelekeni na darasani. Chukueni, kwa mfano, habari ya Ishango. Mwaka 1950 mtaalamu wa miamba kutoka Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alichimba pale ambapo mto Semliki unatoka katika Ziwa Edward, humu humu katika eneo la Beni. Akapata mfupa wa urefu wa sentimita 10 hivi, umechomekwa kipande cha jiwe gumu jeupe kwenye ncha. Mfupa huo umekatwa alama ndogo ndogo kwa mistari mitatu. Umri wake ni kama miaka 20,000. Chora ubaoni, mwalimu, halafu waache watoto wahesabu. Mstari mmoja una mafungu ya alama 11, 13, 17 na 19. Jumla? Sitini. Mwingine una 11, 21, 19 na 9. Jumla? Sitini tena. Wa tatu una 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7, jumla 48. Sasa nyamaza kidogo, usiwape jibu, waulize: mtu huyu alikuwa anahesabu nini? Siku za mwezi? Samaki? Wataalamu wenyewe wanabishana mpaka leo. Mmoja wao, Alexander Marshack, alisema ni kalenda ya mwezi. Mtoto wa Kyavinyonge, ambaye baba yake anavua katika ziwa lile lile, ana haki ya kuingia katika ubishi huo kuliko profesa yeyote.

Mfupa wenyewe uko Brussels, katika nyumba ya makumbusho ya elimu ya viumbe. Na Brussels hiyo hiyo ndiko walikokaa wajumbe wa Ubelgiji, Uingereza na Ujerumani mwaka 1910 kupanga mipaka ya nchi hizi. Mtoto akikuuliza kwa nini shangazi yake aliyeolewa Bwera, ng'ambo ya mpaka, anasema lugha yetu lakini ana bendera nyingine, usimwambie "ni mambo ya serikali". Mwambie watu walikaa mezani mbali sana, wakagawana milima na mito, na walioishi milimani hawakuitwa mezani. Ataelewa. Watoto wanaijua dhuluma mapema kuliko tunavyodhani.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna jambo jingine ambalo dhamiri hainiruhusu kulipita. Ni habari ya radi. Kongo ya mashariki ni mojawapo ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote duniani, kwa sababu hewa yenye unyevu hupanda kwa nguvu juu ya milima na mabonde yetu mpaka mawingu yanachajika umeme. Jambo hilo lina maelezo. Lakini radi ikiua ng'ombe au mtoto wa shule, utasikia minong'ono: ni fulani kaituma. Na fulani huyo siku zote ni nani? Ni bibi kizee mjane, asiye na mtoto wa kumtetea. Katika Kivu yetu wanawake wazee wamefukuzwa makwao, wengine wameuawa kwa masingizio ya uchawi. Wanaofanya hivyo ni Wakristo, Jumapili wako kanisani, wanapokea sakramenti. Aibu! Mwenye hofu ya Mungu anawezaje kumkabidhi bibi kizee mamlaka ya mbinguni, kisha akamchomea nyumba?

Mfundishe mtoto hivi: mwanga ukimulika, anza kuhesabu polepole mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja, kwa sababu mwanga hufika papo hapo na sauti huchelewa njiani. Ukihesabu chini ya tatu, radi iko jirani yako. Usikimbilie chini ya mkalitusi ulio peke yake kilimani, maana umeme hupenda kilichosimama juu ya vyote. Toka uwanjani, ingia nyumbani. Mtoto anayehesabu sekunde hana nafasi ya kumfikiria bibi wa jirani kwa ubaya, tena huenda hesabu hiyo ikamwokoa.

Wengine watanijibu: "Yako maswali yasiyojibika." Najua. Tangu Oktoba 2014 watoto wa Beni wanauliza kwa nini watu wanakuja usiku kuua kwa mapanga, na hakuna baba mwenye jibu jepesi la hilo. Hapo sema "sijui, mwanangu, na mimi nalia kama wewe", umkumbatie. Lakini usilitumie swali hilo moja kujificha usijibu mengine mia. Wala mwalimu asione haya kusema hajui kisha kesho aje na jibu; wanafunzi watamheshimu zaidi, maana samaki mkunje angali mbichi, na mtoto akizoea kumwona mkubwa anatafuta, naye atatafuta.

Kwa hiyo nawaomba mapadre, wachungaji na wakuu wa shule jambo moja linalowezekana mwezi huu huu. Washindi wa Ebola wako hapa, katika mitaa yetu. Ni watu walioumwa, wakapona, na kwa kuwa miili yao ilishajifunza kukikabili kirusi kile, wengi walibeba watoto wachanga wa wagonjwa mikononi, wakawalisha, wakawalaza, mahali ambapo sisi wengine hatukuthubutu kuingia. Moja ya dawa zilizotumika wakati ule ilitokana na damu ya mtu wa aina yao, aliyepona Ebola huko Kikwit mwaka 1995, mji ambamo Profesa Muyembe, mtaalamu wetu wa virusi, alijaribu kuwatia wagonjwa wanane damu ya waliopona na saba wakaishi. Waiteni washindi hao, pamoja na wauguzi waliovaa yale mavazi ya kinga. Wakalishwe mbele ya watoto baada ya misa au ibada, bila meza kuu, bila hotuba ya ufunguzi, na watoto waachwe waulize mpaka wachoke.