Mama nyangumi humnong'oneza mwanawe

Mtoto mchanga akilala, nyumba nzima hushusha sauti. Redio hupunguzwa, mlango hufungwa polepole, na shangazi aliyekuja na habari za harusi huambiwa akazisimulie uani. Baharini yuko mama mwingine anayeshusha sauti vivyo hivyo. Yeye ana uzito wa karibu tani 30, na anachohofia si mtoto kuamka.

Huyo ni nyangumi mwenye nundu. Watu wa pwani wanamfahamu, maana kila mwaka, hasa kuanzia Julai hadi Septemba, hupita Watamu nchini Kenya na kwenye maji ya Zanzibar na Mafia, akitokea kwenye bahari baridi za kusini kuja kupandana na kuzaa penye joto. Wengi humjua kwa uimbaji. Mwaka 1971 watafiti Roger Payne na Scott McVay walionyesha kwamba milio yake ni wimbo hasa, wenye vipande vinavyorudiwa kwa mpangilio. Waimbaji ni madume, na dume mmoja huweza kuimba kwa saa nyingi. Ndani ya maji sauti hukimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, kwa hiyo wimbo huo hufika mbali sana.

Mama hawezi kujitangaza namna hiyo. Katika Ghuba ya Exmouth, magharibi mwa Australia, watafiti walibandika vinasa sauti vidogo kwenye migongo ya ndama na mama zao, vikishikilia kwa vikombe vya mpira vinavyofyonza ngozi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kwamba wawili hao huzungumza kwa sauti ndogo mno, isiyosikika zaidi ya mita mia moja hivi. Ndama huita zaidi wanapokuwa safarini, wakiogelea, kwani maji yakiwa na vumbi la mchanga ni rahisi kupotezana. Akitaka kunyonya, mara nyingi haiti kabisa. Humsugua mama ubavuni, na kinasa sauti hupata mlio kama wa maputo mawili yanayosuguliwa. Mzazi aliyewahi kuamshwa saa nane usiku kwa kiwiko kidogo cha mbavuni anaijua lugha hiyo.

Sababu ya minong'ono yote hiyo ni hatari. Nyangumi wauaji, wale weusi wenye mabaka meupe, huwinda ndama, na sauti kubwa ni sawa na kuwaelekeza mlangoni. Madume nao wakimsikia mama humfuata wakitaka kumpanda, na kumsumbua mama katika kipindi hiki si jambo dogo. Kwenye maji ya joto huwa hali karibu kitu chochote kwa miezi. Maziwa yote anayotoa yanatoka kwenye mafuta aliyoweka mwilini, na kila mbio za kukimbia wasumbufu zinayala mafuta hayohayo. Ndama naye lazima apate nguvu ya kuogelea maelfu ya kilomita kurudi kwenye baridi, kwenye chakula.

Penye chakula mambo hugeuka kabisa, kelele inakuwa chombo cha kazi. Kusini-mashariki mwa Alaska, nyangumi wenye nundu wa huko huvua kwa ushirika samaki wadogo wa jamii ya dagaa. Mmoja huzunguka chini akipuliza mapovu, yakapanda kama ukuta wa wavu. Kisha husikika mlio mmoja mrefu, ulionyooka kama wa tarumbeta, ambao unawatia samaki hofu wakajibana pamoja kuelekea juu. Kundi zima la nyangumi huibuka kwa mpigo, midomo wazi. Wavuvi wanaovuta juya kwa wimbo mmoja wangeelewa bila kuelezwa.

Nyangumi spemaseti, mwenye kichwa kikubwa kama sanduku, huwinda gizani. Hupiga midundo mifupi ya sauti na kusikiliza mwangwi, na akimkaribia ngisi midundo huongeza kasi hadi inakuwa kama mlio wa bawaba zenye kutu. Ndama wake hawawezi kuzama kina hicho, kwa hiyo mama akishuka kutafuta chakula, majike wengine hubaki juu na mtoto. Ulezi wa bibi na mashangazi haukuanzia kwa binadamu peke yake.

Linalowatatiza wote siku hizi ni injini. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 nchini Marekani, safari za meli zilipungua ghafla. Katika Ghuba ya Fundy, Kanada, kelele za chini ya maji zilishuka kwa desibeli 6. Wakati huohuo walikuwapo watafiti waliokuwa wakikusanya kinyesi cha nyangumi, kazi ambayo si ya kuonea mtu wivu, nao walipopima walikuta homoni za msongo zimepungua mwilini mwa wanyama hao. Kabla ya hapo hakuna aliyejua kwamba nyangumi wale waliishi na msongo, maana bahari haikuwahi kunyamaza.

Wimbo wa dume unaweza kuvumilia boti moja ikipita. Mnong'ono wa mama hauwezi. Familia itakayokodi boti msimu huu kwenda kuwatazama nyangumi inaweza kuliulizia jambo hilo mapema, kabla ya kulipa. Nahodha anayeijua kazi yake hupunguza mwendo akiwa bado mbali, huwaacha nyangumi wachague kusogea au kuondoka, na kamwe hapitishi boti kati ya mama na mtoto.