Kupima Kwanza, Kulaumu Baadaye

Mwanafunzi wa Chukwani aandikaye anwani ya tovuti ya matokeo ya mtihani, kisha akajikuta mbele ya ukurasa wa kamari, aghalabu hutoa hukumu moja kati ya mbili: ama kompyuta ina virusi, ama kampuni ya intaneti inamchezea. Kila moja yaweza kuwa kweli. Lakini hukumu isiyotanguliwa na kipimo si sayansi.

Mashine za mtandao hutambuana kwa namba, si kwa majina. Kwa hiyo kila jina la tovuti huulizwa kwanza kwenye seva ya majina, nayo hurudisha namba ya mahali tovuti ilipo. Mwenye mamlaka juu ya jibu hilo aweza kumpeleka msafiri atakako. Mwaka 2003 kampuni ya VeriSign ya Marekani, mtunzaji wa majina ya .com na .net, ilianza kuwapeleka kwenye ukurasa wake watu waliokosea kuandika anwani. Baada ya wiki chache ililazimika kuacha. Wahalifu nao waliijua njia hiyo. Programu haribifu ya DNSChanger, ambayo genge lake lilikamatwa Novemba 2011, ilikuwa imezielekeza kompyuta zipatazo milioni 4, katika nchi zaidi ya 100, kwenye seva za matapeli.

Dalili ni moja, visababishi ni vingi. Hivyo hapana budi kubadili jambo moja tu kwa kila jaribio, kama ifanywavyo katika maabara ya shule. Kwanza, anwani ile ile ifunguliwe kwa kivinjari kingine. Ikifunguka sawasawa, kosa limo katika kivinjari cha awali: viongezi visivyojulikana viondolewe. Ikigeuzwa tena, ijaribiwe simu iliyo kwenye waifai hiyo hiyo. Simu ikiwa salama, mgonjwa ni kompyuta: isafishwe kwa programu ya kuua virusi, na mpangilio wa seva ya majina ukaguliwe. Simu nayo ikigeuzwa, itumie intaneti ya kampuni nyingine. Tatizo likibaki, huenda tovuti yenyewe imeingiliwa. Likitoweka, ikaguliwe ruta na neno lake la siri libadilishwe. Ruta ikiwa safi, ndipo mtoa huduma aulizwe kwa maandishi, vipimo vikiambatishwa. Wakati wote huo, neno la siri la benki au la barua lisiandikwe popote.

Si kila kugeuzwa ni uhalifu. Waifai ya hoteli ya Mji Mkongwe yaweza kumpeleka mgeni kwanza kwenye ukurasa wa kujiandikisha, naye anajua sababu. Ubaya ni kumgeuza mtu bila ridhaa yake: leo ni tangazo, kesho ni ukurasa bandia wa benki.

Shule za sekondari zingefanya vyema kulifanya zoezi hili kuwa somo la vitendo. Mwanafunzi ajuaye kutenga kisababishi kimoja na kingine hatamlipa fundi kwa kufuta kompyuta isiyougua. Wala mtoa huduma hataweza kumjibu kwa mkato kwamba kosa ni la kompyuta yake.