Kompyuta haina mguu wa klachi

Leo tuweke kando mambo ya simu na programu zake, tuingie barabarani. Vijana wenzangu wa hapa Kisii na kule Nyamira wanajua nimesomea kompyuta, basi wameanza kuniuliza swali moja: nikipata gari la mbio, la gia za mkono, lenye ile kruzi kontroli inayofuata gari la mbele yenyewe, nilinunue?

Jibu langu fupi: nunua, lakini ununue macho yake, usinunue mguu wake. Jibu refu ni hili.

Kruzi kontroli ya zamani ni kitu rahisi. Mmarekani Ralph Teetor, mhandisi ambaye alikuwa kipofu, alipata hataza yake mwaka 1950, na Chrysler wakaanza kuiuza katika magari yao mwaka 1958. Unachagua mwendo, tuseme kilomita 80 kwa saa, na gari linaushikilia. Kama mbele kuna lori, hiyo ni shauri yako.

Ile mpya ina macho, kwa hiyo nitaiita kruzi ya macho. Inatumia leza, rada au kamera kupima umbali wa gari la mbele, kisha inapunguza au kuongeza mwendo ili umbali huo usipungue. Mitsubishi walitangulia. Mwaka 1992 waliweka leza katika Debonair, na kazi yake ilikuwa kumwonya dereva tu. Mwaka 1995, katika Diamante, wakaipa uwezo wa kupunguza mwendo bila kugusa breki. Mwaka 1999 Mercedes-Benz wakaleta mfumo wa rada katika S-Class, na huo ulishika hata breki. Subaru walichagua kamera mbili nyuma ya kioo cha mbele, zinazokadiria umbali kama macho mawili ya binadamu, na tangu 2008 mfumo huo unaitwa EyeSight.

Kwa sisi waandishi wa programu, hii ni kazi ya mzunguko. Pima umbali. Linganisha na umbali unaotakiwa. Ukiwa mdogo, punguza mafuta. Ukizidi kupungua, gusa breki. Mbele kukiwa wazi, ongeza mafuta. Kisha rudia, mara nyingi katika kila sekunde.

Sasa leta klachi uone shida inapoanzia. Katika gari la otomatiki, mafuta, breki na gia vyote viko chini ya kompyuta. Katika gari la manyuali, kompyuta ina viwili tu. Cha tatu kiko kwenye mguu wako wa kushoto na mkono wako. Uko gia ya tano, lori la mbele linashuka hadi 35 kwa saa. Kompyuta inaweza kukata mafuta na kufunga breki, lakini haiwezi kuteremsha gia. Ikiendelea hivyo injini itaanza kutetemeka na mwisho itazima. Ndiyo maana waundaji huweka sakafu: mwendo ukishuka chini ya kiwango fulani, mfumo unalia mlio na kukurudishia gari. Mwenzako wa otomatiki anaweza kufuata lori hadi lisimame kabisa. Wewe huwezi.

Kwa miaka mingi waundaji waliikwepa shida hii kwa kutoweka mfumo kabisa. Chukua Subaru WRX, ambayo kila kijana wa hapa anaitambua kwa mlio tu. Katika toleo la Japani la 2014, WRX S4 ya otomatiki ilikuwa na EyeSight. Ndugu yake, WRX STI ya gia sita za mkono, haikupewa. Aliyetaka gia alikosa macho.

Mambo yamebadilika. Honda Civic Type R iliyotoka mwaka 2022, ambayo inauzwa na gia za mkono pekee, ina kruzi ya macho. Huko Marekani, Subaru WRX na Toyota GR86 za manyuali za modeli ya 2024 nazo zikapewa kamera. Za Marekani hatutaziona, maana usukani wake uko kushoto. Lakini Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na kadiri miaka inavyosonga, magari yanayostahili kuingia kutoka Japani ni yale yaliyozaliwa na macho haya. Swali la wenzangu basi si la ndoto.

Haya, tuseme gari limefika. Unatoka Kisii mjini kwenda Keroka, au Nyamira kwenda Chemosit. Kruzi itakufaa nini?

Kwanza kuna milima. Dereva yeyote wa huku anajua kwamba mteremko mrefu unateremkwa kwa gia ndogo, injini ikizuia gari, ili breki zisipate moto. Kruzi ya macho katika manyuali haiwezi kukuwekea gia ya tatu. Ukisahau na kubaki gia ya tano, itashika mwendo kwa breki peke yake, mteremko mzima. Vitabu vya waundaji wenyewe huonya usiitumie kwenye miteremko mikali na barabara zenye kona nyingi. Ukiondoa miteremko na kona, Gusii inabaki na barabara gani?

Pili ni pengo. Kwa mwendo wa 80 gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Ukiiambia kruzi ikuachie sekunde mbili, hiyo ni mita 44 mbele yako. Kwenye barabara ya Keroka mita 44 haziitwi pengo, zinaitwa nafasi. Probox itaingia. Kompyuta itafunga breki ili itengeneze mita 44 nyingine, na Probox ya pili itaingia. Utafika Keroka ukiwa umerudi nyuma kwa hesabu.

Tatu ni vitu vyenyewe vilivyo barabarani. Bodaboda yenye mikungu ya ndizi, lori la majani ya chai linalotambaa mlimani, ng'ombe, watoto wa shule, tuta lisilo na rangi. Mifumo mingi ya rada ilitengenezwa kufuata gari linalokwenda, na hupuuza kilichosimama ili isiogope kila nguzo. Tuta haiwezi kukupunguzia.

Kwa hiyo mguu wa kompyuta hauna kazi kubwa kwetu. Utaufaidi ukienda Nairobi, ukishapita Narok kuelekea Mai Mahiu, kule ambako barabara imenyooka na miguu inachoka. Hapo washa, pumzika kidogo. Ukirudi milimani zima.

Lakini macho ni habari nyingine. Kuonya hakuhitaji klachi. Mashine ikiona kwamba unalisogelea lori kwa kasi isiyofaa, inaweza kukulilia iwe uko gia ya pili au ya sita. Na ikibidi kufunga breki za dharura, injini ikizima shauri yake. Afadhali injini izime kuliko mtu. Wahandisi wa Mitsubishi wa 1992 walianza na onyo peke yake, na kwa barabara zetu naona walianza mahali pazuri.

Fananisha na kidhibiti mwendo tulichokizoea. Kanuni za waziri John Michuki za mwaka 2003 zilileta vidhibiti kwenye matatu, mwisho 80 kwa saa. Kilikuwa kitu cha maana, lakini kidhibiti kinajua mwendo wako tu. Hakijui kwamba kuna lori limeharibika kwenye kona bila taa. Macho yanaweza kujua.

Sasa niseme linaloniudhi. Macho haya yanafika kwetu yakiwa mazima, halafu tunayapofusha wenyewe.

Jiwe likirushwa na lori likapasua kioo cha mbele, unakwenda kwa fundi, anabandika kingine, mnamalizana. Lakini kamera zinatazama kupitia kioo hicho, na zikiguswa zinatakiwa kupimwa upya kwa vifaa maalumu. Kamera ikipinda digrii moja tu, kwa umbali wa mita 100 inakosea mita 1.75. Hiyo ni nusu ya njia yako. Yaani gari linaweza kudhani lori la upande wa pili liko mbele yako, au kwamba aliye mbele yako hayupo. Rada ya kwenye bampa ni vivyo hivyo, ikipigwa na kunyooshwa kwa nyundo.

La pili ni lugha. Magari mengi ya soko la Japani huandika ujumbe wake kwa Kijapani. Mvua za huku unazijua, na mvua kubwa au ukungu hufanya kamera zijizime kwa muda. Wakati huo gari linakuandikia kwamba limeacha kutazama, nawe unaona michoro mizuri tu, unaendelea ukiamini unalindwa. Katika kazi yangu, ujumbe ambao mtumiaji hawezi kuusoma hauhesabiwi kuwa ujumbe. Ni kasoro ya programu, na hii inaweza kuua mtu.

Wapo wanaosema mpenda manyuali hataki kompyuta hata kidogo, anataka kuendesha mwenyewe. Nawaelewa, na naona hapo ndipo klachi inapotusaidia. Dereva wa otomatiki anaweza kusinzia akidhani mashine inatosha. Wa manyuali hawezi kusahau ni nani anayeendesha, kwa sababu kila mlima unamkumbusha kwa mguu wa kushoto. Dereva aliye macho na mashine yenye macho ni timu nzuri kuliko mmoja wao akiwa peke yake.

Basi ndugu yangu, kabla hujalipa, fanya mambo matatu. Muulize muuzaji kama kioo cha mbele ni kile cha asili, na kama kilibadilishwa, kamera zilipimwa wapi. Tafuta mtu akutafsirie kila taa na kila ujumbe wa dashibodi, uandike kwa Kiswahili au Ekegusii na kuweka karatasi ndani ya gari. Na unapokata bima inayolipia kioo, uliza kama inalipia pia kupima kamera. Wakisema hapana, mwulizeni wote swali hilo hilo, mpaka waanze kulipia.

Nawe unayeendesha gari la namna hii huku milimani, unaonaje? Macho yanakusaidia, au umeshayazima kwa sababu ya kelele zake?