Ziwa ni moja, barabara ndizo mbili

Ng'ambo ya Ziwa Kivu, upande wa Rwanda, kuna njia ya kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi. Wageni wanaipita kwa baiskeli siku kadhaa, wanapanda na kushuka milima, jioni wanasimika hema wakitazama maji. Wanalipa ili walale hemani.

Wandugu wasikilizaji, sisi pia tuna barabara ya ziwa: Goma, Sake, Minova, Kalehe, Bukavu. Tuna milima, tuna sambaza, tuna Idjwi mbele ya macho. Na watu wa kinga tunao, wanasukuma ndizi na makala tangu alfajiri. Lakini mgeni wa ng'ambo anahesabu kilomita. Mwenzetu anahesabu barieri. Kila penye kamba kuna mkono umenyooshwa. Huyu anatoa jetoni, yule hata karatasi hana.

Halafu utasikia eti watalii hawaji kwetu kwa sababu raia hajafundishwa kupokea wageni. Uongo! Mama aliyelala Bulengo chini ya shitingi, juu ya mawe ya volkano, hakuchagua hema. Hahitaji semina. Anahitaji kurudi shambani kwake na kufikisha mavuno sokoni bila kunyang'anywa njiani.

Kwa hiyo tunawaambia wenye bunduki na wenye mihuri, wa upande wowote: ondoeni kamba. Siku mwenye kinga ya ndizi atatoka Minova afike Sake na mzigo wake wote, mgeni naye atapita. Lakini wa kwanza kupita awe yeye.