Watoto wa Kilombero wafundishwe kuelea

Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lilizinduliwa mwaka 2018 na kumaliza adha ya miaka mingi ya kuvuka Mto Kilombero kwa kivuko. Miaka miwili kabla yake, Januari 2016, kivuko cha MV Kilombero II kilipinduka mtoni katika upepo mkali. Leo anayetoka Ifakara kwenda Mahenge anavuka akiwa ameketi kwenye basi. Daraja, hata hivyo, linamfaa anayepita barabarani. Haliwafai watoto wanaofuatana na wazazi wao kwa mtumbwi kwenda kwenye mashamba ya mpunga, au wanaokwenda kuvua perege na kambale, wala familia za mjini zinazoamka usiku wa masika na kukuta Mto Lumemo umeingia uani.

Swali ambalo halmashauri, walimu na wazazi wa bonde hili wanapaswa kulijibu ni hili: je, shule zifundishe watoto kuogelea, au tuendelee kuwakanya wasisogelee maji? Naamini zifundishe, tena kwa kuanza na stadi ndogo kabisa: kutulia, kupumua, kuelea na kurudi ukingoni.

Katazo la wazazi lina sababu za kweli. Mto una mamba na viboko, na maji yaliyotuama yana kichocho. Mama anayemchapa mwanawe kwa kwenda mtoni anampenda. Lakini bonde la mafuriko la Kilombero, lililoorodheshwa mwaka 2002 chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu, lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 8,000, na maji yake ndiyo yanayostawisha mpunga unaolisha kaya hizo hizo. Mtoto aliyekanywa tu hujifunza kwa siri, akiwa na wenzake wasiojua zaidi yake, mahali ambapo hakuna mtu mzima wa kumtoa. Na mafuriko yakija, hayamuulizi kama alikuwa mtiifu.

Maji huua haraka kwa sababu ya hofu. Anayeogopa husimama wima majini, hurusha mikono juu akitafuta pa kushika, na kwa kufanya hivyo huusukuma mwili wake chini. Mapafu yaliyojaa hewa humsaidia mtu kuelea akilala chali, masikio majini na mdomo juu. Jambo hilo haliaminiki kwa kuelezwa darasani. Mwili lazima ulionje. Ndiyo maana mwalimu mzuri huanza katika maji ya kiunoni: mtoto apulize mapovu, azamishe uso na kufungua macho, alale chali huku mkono wa mwalimu ukiwa chini ya mgongo wake, kisha mkono huo uondolewe polepole. Baada ya hapo hujifunza kujigeuza kutoka kifudifudi, kusimama tena na kupiga miguu hadi ukingoni. Asiyeweza kutulia hana haja ya kufundishwa mwendo kasi.

Yapo mataifa yaliyokwisha kulipima jambo hili. Bangladesh, nchi ya mito na mpunga, iliwafundisha watoto wa miaka 4 hadi 12 katika madimbwi ya vijijini, ndani ya uzio wa mianzi, chini ya wakufunzi wa vijiji hivyo hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa vifo vya maji miongoni mwa waliofunzwa vilikuwa pungufu kwa zaidi ya asilimia 90 kuliko kwa wenzao wasiofunzwa. Hapa nchini, Panje Project ya kaskazini mwa Unguja imewafundisha wasichana kuelea, kuogelea na kuokoa wakiwa wamevaa mavazi ya kuogelea yanayositiri mwili mzima. Hoja kwamba maadili hayaruhusu binti kuogelea ilijibiwa huko kwa kushona nguo inayofaa.

Zipo hoja nzito zaidi. Ya kwanza ni kwamba aliyejua kidogo atajiamini kupita kiasi. Ni hatari ya kweli, nayo hutibiwa kwa kufundisha mipaka pamoja na stadi: mamba hashindwi kwa kuogelea, mto uliofurika haukatishwi, na mwenzako akizama usimrukie, mrushie dumu tupu lililofungwa kamba au mnyooshee upondo. Ya pili ni mahali. Masomo haya yasifanyike mtoni wala kwenye vidimbwi vya konokono wa kichocho. Tangi la saruji la kina cha kiuno, linalojazwa maji ya kisima na kusafishwa kwa klorini, linatosha kwa darasa la wanaoanza. Ya tatu ni fedha, na kweli shule nyingi bado zinahitaji madawati. Ndiyo maana halmashauri ijenge tangi moja litakalotumiwa kwa zamu na shule za kata kadhaa, chini ya wakufunzi wachache waliofunzwa uokoaji. Somo la Sanaa na Michezo linaweza kulibeba jambo hili ratibani.

Kuogelea hakutamkinga kila mtu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, karibu robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka 5. Hao wadogo huhitaji jicho la mtu mzima na mahali salama pa kulelewa wazazi wakiwa shambani. Wavuvi nao wanahitaji maboya ya kuvaa. Masomo ya maji ni sehemu ya kazi hiyo, na ndiyo sehemu tuliyoiacha kabisa.

Bonde hili limewahi kuonyesha njia. Kuanzia mwaka 1997, wilaya za Kilombero na Ulanga zilisambaza vyandarua vyenye dawa kwa mpango uliofuatiliwa na watafiti wa Ifakara, na matokeo ya mwaka 2001 yalihusisha vyandarua hivyo na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wadogo. Mbu hakuhamishwa bondeni; watoto walikingwa waishi naye. Maji nayo hayatahama. Halmashauri ya Mji wa Ifakara na ile ya Mlimba ziweke tangi la kwanza na mafunzo ya wakufunzi wa kwanza kwenye bajeti ijayo, zianze kiangazi, na zihesabu matokeo kama vyandarua vilivyohesabiwa.