Mtoto Aharaye Atazamwe Mkojo

Kwa jamaa zetu walioko Machakos, ambako kiangazi maji huchotwa katika mashimo ya mchanga wa mito iliyokauka, kuhara kwa mtoto mchanga si jambo dogo. Mwili ukipungukiwa maji, figo hukosa damu ya kutosha. Aidha, baadhi ya viini vya kuhara damu vina sumu iharibuyo chembe nyekundu za damu na kuziba mishipa myembamba ya figo. Nayo balaa hiyo hufika baada ya siku kadhaa, tumbo likiwa limeanza kutulia. Wazee wetu huuliza choo kikoje; sisi twauliza mkojo u wapi. Nepi ikikaa kavu kwa muda wa saa sita, au mtoto akipauka na kuvimba uso, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Njiani aendelee kunyonya, wala asipewe dawa za dukani za kufunga choo.