Kicheko Chenye Shabaha

Sioni kwa nini mwalimu ataabike kueleza tashtiti ilhali ipo Cook Off!, filamu ya Kimarekani iliyoonyeshwa mara ya kwanza 2007, ikasambazwa 2017. Hujifanya habari za kweli: kamera huwafuata wapishi wa nyumbani wanaowania dola milioni moja, nao huieleza mambo yao bila hata tabasamu. Mizaha mingine ni butu, nakiri. Lakini shabaha i wazi. Mwaka 1949 kampuni ya unga ya Pillsbury ilianzisha shindano la namna hiyo. Kufikia 1996 zawadi ilikuwa dola milioni moja. Sharti, mshindani atumie bidhaa zake! Ningewauliza wanafunzi: mshindi hasa ni mpishi, ama muuza unga?